Wewe ni Nani Desemba Ikifika? Mwongozo wa Kuujua na Kuuishi Utambulisho Wako Ndani ya Kristo

Ukitaka kujua watu wa Kilimanjaro wanajipimaje, kaa Moshi wiki ile ya mwisho kabla ya Krismasi. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu usiku na mchana. Magari yanapanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo yakiwa na watoto, magodoro na zawadi. Kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, mbuzi wamefungwa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, iko tayari. Na kila anayefika anaulizwa, kwa tabasamu kabisa: "Siku hizi uko wapi? Umejenga?" Wenye majibu mazuri huketi mbele. Wasio na majibu huenda jikoni kusaidia kumenya ndizi, au hawaji kabisa na kusema wamekosa likizo.

Wengi wa hao wamebatizwa, wamepata kipaimara au komunio ya kwanza, na Jumapili wataimba kanisani. Mwongozo huu ni kwa ajili yao: Mkristo ambaye anajua kwa kichwa kwamba ni mtoto wa Mungu, lakini likija swali la "umejenga?" moyo unasahau yote. Nafundisha madarasa ya kipaimara, kwa hiyo lugha yangu ni ya Kilutheri. Mkatoliki, Mwanglikana au Mpentekoste atabadilisha maneno machache tu na mambo yataenda.

Andaa Biblia, daftari, kalamu na nusu saa kwa siku. Jambo moja tu ulishike tangu sasa, kwa sababu hatua zote zimesimama juu yake: katika imani ya Kikristo unaambiwa kwanza wewe ni nani, ndipo unaishi hivyo. Ukigeuza mpangilio huo, hatua hizi zitakuwa mzigo mwingine, na mizigo unayo ya kutosha.

Hatua ya 1: Andika majina yote unayoyaitikia

Jumapili baada ya ibada, weka simu mbali. Andika yote unayoitwa na watu, na yale unayojiita mwenyewe usiku usingizi ukigoma. Sisemi jina la cheti peke yake. Chukua mfano wa kijana wa Pasua, hapa Moshi, anayefanya kazi ya mgumu, yaani anabebea wageni mizigo mlimani, kilo 20 kichwani hadi kambi za juu. Ukurasa wake unaweza kusomeka hivi: Mchagga wa Old Moshi. Kitinda mimba, mwenye kubaki na nyumba ya wazazi. Aliyefeli kidato cha nne. Mgumu. Mwanakwaya, sauti ya tatu. Mtoto aliyepigwa na baba mlevi. Baba wa mtoto ambaye hajampeleka nyumbani kutambulishwa. Anayedaiwa.

Ukimaliza, weka herufi pembeni ya kila mstari. Z kwa ulichozaliwa nacho, T kwa ulichotenda, F kwa ulichofanyiwa. Usiruke kazi hii kwa kuiona ya kitoto. Watu wengi wanapoweka herufi hugundua kwamba kinachowaumiza zaidi kina F, nao wamekuwa wakikitubu miaka yote kana kwamba kina T. Kupigwa na baba si dhambi ya kijana yule. Kumwacha mtoto bila kumtambulisha ni T, nalo lina dawa yake, tutalifikia. Kuwa kitinda mimba wa Old Moshi ni Z: hakuna cha kutubu hapo, na hakuna cha kujivunia kupita kiasi.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kujirekebisha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tenga wiki mbili au tatu.

Anza na Mathayo 3:13 hadi 4:11, na usome kama kipande kimoja. Mgawanyo wa sura umetuzoesha kuvunja habari hii katikati. Yesu anatoka majini, sauti inatoka mbinguni: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Sasa rudi nyuma uangalie amefanya nini mpaka hapo. Mathayo hajasimulia muujiza wake hata mmoja, wala hotuba, wala mwanafunzi aliyemwita. Baba amependezwa kabla kazi haijaanza.

Endelea mistari michache. Mjaribu anakuja na neno lake la kwanza ni lipi? "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Ameishika sentensi ileile ya mtoni, ameondoa neno "mpendwa", na ameweka sharti. Thibitisha. Tuonyeshe. Ukisikiliza vizuri utaitambua sauti hiyo, maana huku kwetu inazungumza Kiswahili safi: kama kweli wewe ni mtoto wa kiume, mbona hujajenga? Kama kweli umeokoka, mbona huna mtoto? Yesu hakufanya mkate ili kumjibu. Alijibu mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Alisimama kwenye alichokwisha kuambiwa.

Wiki ya pili soma Luka 15:11-24, kalamu mkononi. Mwana mpotevu akiwa huko kwenye nguruwe alitunga hotuba. Iko mstari wa 18 na 19, na mwisho wake ni ombi la kufanywa mtumishi wa mshahara. Kisha angalia mstari wa 21, alipoitoa mbele ya baba yake. Kipande cha utumishi hakimo. Kabla hajafika hapo, baba ameshaagiza vazi, pete na viatu. Mimi huwa nawaambia vijana waandike hotuba zao wenyewe, ile ambayo kila mmoja angempa Mungu kama masharti ya kurudi, halafu wachore mstari mahali ambapo Baba angewakatiza. Wengine hucheka. Wapo wanaonyamaza kabisa.

Baada ya hapo chukua vifungu vifupi, kila kimoja siku tatu: Warumi 8:14-17, Wagalatia 3:26-28, Waefeso 2:8-10, 1 Yohana 3:1-2. Soma kwa sauti mara mbili. Andika sentensi moja tu: katika kifungu hiki naitwa nani? Kisha omba kwa kutumia jina hilo. Mstari wa Biblia unaotumwa kwenye kundi la WhatsApp kila alfajiri si mbaya, lakini unakuja peke yake, umenyofolewa mahali pake, na mtu anayeishi kwa mistari iliyonyofolewa huchagua ile ya kumsifu tu.

Hatua ya 3: Kitafute cheti cha ubatizo

Kiko kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa na cha darasa la saba, chini ya kabati la mama. Watu hukikumbuka wakati wa kufunga ndoa tu. Kitoe, uone tarehe, uiandike kwenye kalenda ya mwaka huu kama unavyoandika siku ya kuzaliwa. Kama kimepotea, nenda ofisi ya usharika au parokia, ubatizo huandikwa kwenye kitabu.

Martin Luther alikuwa mtu wa kusumbuliwa na hofu, na silaha yake ilikuwa kujiambia: nimebatizwa. Si "nilijitahidi", wala "najisikia vizuri leo". Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ileile tunayoikariri darasani, alifundisha kwamba ubatizo unaendelea kufanya kazi kila siku: mtu wa kale anazamishwa kwa toba, mtu mpya anainuka. Kama wewe umebatizwa mtu mzima kwa maji mengi, tumia tarehe hiyo. Mabishano ya maji kidogo na maji mengi yaache kwa leo.

Hatua ya 4: Kaa mezani na ukoo wako

Rudi kwenye daftari, kwenye mistari yenye Z. Wapo wanaofundisha kwamba ukiokoka huna tena kabila wala ukoo. Sikubaliani nao, na Biblia haiwasaidii. Paulo katika Wafilipi 3 anataja kabila lake la Benyamini na kusema ameyahesabu hayo yote kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Lakini huyohuyo, akisimama mbele ya umati Yerusalemu katika Matendo 22, anaanza kwa kusema yeye ni Myahudi, mzaliwa wa Tarso. Alichoacha ni kulitegemea kabila limpe haki mbele za Mungu. Asili hakuitupa. Na katika Ufunuo 7:9, mbele ya kiti cha enzi, kabila na lugha bado vinaonekana.

Mjadala huu ni wa zamani hapa mlimani. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wale Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaja mwaka 1893. Wengi wao waliona mila kama kichaka cha kufyeka. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyehudumu Kidia, Old Moshi, kwa miaka mingi hadi 1938, alishika njia nyingine: aliona ukoo, ujirani na rika kuwa vifungo ambavyo Mungu aliwapa Wachagga, na kwamba kanisa lijengwe juu yake badala ya kuvikata. Alipingwa, na baadhi ya hoja za kumpinga zilikuwa na uzito, kwa sababu si kila kilichomo ndani ya ukoo ni kizuri. Lakini swali lake bado liko mezani petu.

Kwa hiyo chukua desturi mojamoja ya nyumbani kwenu na uiulize maswali matatu. Je, inamwomba mwingine asiye Mungu ulinzi au baraka? Je, inamuumiza au kumdhulumu mtu? Je, ningeweza kuifanya nikiwa namshukuru Kristo kwa sauti? Kuheshimu wazee, kula pamoja, kutunza makaburi ya babu na bibi, kuongea Kimachame na watoto: shika kwa mikono miwili. Kumwaga pombe chini kwa kuwaomba waliokufa: hapo mpe babu heshima yako, kaa naye, mhudumie, lakini mwambie mapema na kwa faragha kwamba sehemu hiyo hutashiriki. Usimwaibishe mbele ya watu. "Babu, shikamoo. Nitakuwepo siku nzima, nitachinja, nitahudumia wageni. Pale pa kuomba, naomba unisamehe, mimi namwomba Mungu." Babu anaweza kununa. Ataona pia kwamba hukukimbia.

Ukeketaji hauna mjadala wa desturi. Binti ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inalihesabu tendo hilo kwa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai.

Na kihamba? Hapa ndipo Wakristo wazuri wa Kilimanjaro huanguka. Baba akifa, dada anaambiwa ataolewa, hana sehemu. Warumi 8:17 inasema sisi tu warithi, haikuweka neno "wa kiume". Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kaka anayesimama kwenye kikao cha ukoo na kusema "dada yangu naye apewe" amehubiri utambulisho wa Kikristo kuliko mahubiri mengi ninayoyasikia.

Hapo katikati: wanaouza majina mapya

Ukianza safari hii utakutana na mtu wa kukuambia kwamba jina la ukoo wako limebeba laana, na kwamba kufunguliwa kuna sadaka maalumu, maji au mafuta. Sisemi kwamba pepo hawapo. Nasema soma Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana kwa kufanywa laana kwa ajili yetu, na Ezekieli 18:20, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hilo limekwisha kulipwa, na aliyelipa hadai chenji. Moshi tunabeba kumbukumbu ya Februari 1, 2020, pale Majengo, ambapo watu 20 walikufa katika msongamano wa kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikuwa watu wenye shida za kweli, ada, ugonjwa, ndoa. Nawataja kwa heshima. Anayekudai fedha ili akuambie wewe ni nani, mwache.

Na kama F zako ni nzito kiasi kwamba huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usingoje kumaliza mwongozo huu. Mwambie mtu leo, na uende hospitali, Mawenzi au iliyo karibu nawe. Kutibiwa si kukosa imani.

Hatua ya 5: Ishi hivyo kazini na Desemba

Chagua maeneo mawili tu ya kuanzia. Anayetaka kubadilisha yote kwa mpigo hufika Jumatano amechoka.

Kazini, tafuta mahali ambapo hofu ya kuonekana mdogo inakufanya udanganye. Dereva wa watalii Arusha anayemwambia mgeni ana watoto watano mayatima ili bakshishi iongezeke. Muuza mitumba Kiborloni anayeficha tundu la shati kwa kulikunja vizuri. Fundi anayesema "kesho" huku akijua ni wiki ijayo. Chukua uongo mmoja wa namna hiyo, ule wako, uuache mwezi mzima. Utapoteza hela kidogo, sitakuficha. Uandike kwenye daftari kila unapokuja mdomoni, na kando yake uandike ulikuwa unaogopa nini. Baada ya wiki nne utakuwa na picha ya mungu mdogo uliyekuwa unamtumikia.

Kisha Desemba. Mwezi wa Novemba, kabla nauli haijapanda na kabla ya simu za michango, kaa na mwenzi wako au peke yako, uandike kiasi ulicho nacho kweli. Toa nauli, toa ada ya Januari. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Mpigie mzazi mapema: "Mama, mwaka huu nakuja na sukari na mafuta, sina hela ya mbuzi. Nakuja lakini." Mama wengi watakuambia njoo mwanangu. Usikope ili upande mlima umependeza, na usiazime gari.

Ukifika, swali litakuja tu.

"Wewe, na hili basi la kubanana? Gari la mwaka jana liko wapi?"

"Shikamoo, baba mdogo. Nililiuza, biashara iliyumba. Nimefika salama, Mungu ni mwema. Habari za mguu wako?"

Zoeza mdomo wako sentensi za namna hiyo kabla hujaondoka: ukweli, bila kujitetea, kisha umuulize yeye hali yake. Halafu, na hili ndilo linaloonyesha kama hatua ya 2 imekuingia, mtafute yule aliyeenda jikoni kujificha. Kaa naye umenye ndizi. Usimuulize amejenga wapi.

Hatua ya 6: Usiwe peke yako

Jumuiya ya mtaani kwenu inatosha, hata kama inaanza kwa kuchelewa na kuishia kwenye matangazo ya michango. Chagua humo mtu mmoja, mama wa kanisa, mwinjilisti, katekista, asiyekuonea haya na asiyekuogopa. Mwonyeshe ukurasa wa hatua ya 1. Mwombe jambo moja: "Ukiniona naanza kujionyesha, niambie." Mkutane mara moja kwa mwezi. Asiwe mwajiri wako wala mtu unayemdai.

Hatua ya 7: Shughulikia zile T

Mistari yenye T imebaki. Iungame kwa Mungu kwanza, na kwa mchungaji au padri kama inakulemea. Halafu soma Luka 19:1-10. Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo wakati Zakayo bado ni tajiri wa dhuluma, mji mzima ukinung'unika. Ahadi ya kurudisha mara nne ilifuata baada ya mgeni kufika. Zakayo hakununua ugeni ule. Lakini pia hakukaa kimya na mali za watu.

Kijana wetu wa Pasua ana T mbili: deni na mtoto. Kwa deni, aandike kiasi, aende mwenyewe, apendekeze malipo anayoyaweza kila mwezi, na aweke maandishi kwa mwenyekiti wa mtaa. Malipo madogo yanayofika ni bora kuliko ahadi kubwa. Kwa mtoto, kwenda peke yake nyumbani kwa akina mama mtoto ni kutafuta matusi. Amwombe mjomba au baba mdogo mwenye busara amtangulie. Kwetu mlimani anayeomba msamaha hupeleka jani la isale, mmea uleule wa mipaka ya vihamba, na aliyepelekewa isale ni vigumu sana kumkatalia mwenye kosa. Aende nalo. Maswali matatu ya hatua ya 4 linayapita yote.

Akifika asimulie alichotenda bila "lakini". Asiseme alikuwa mdogo, wala hali ilikuwa ngumu. Aseme: "Nilimkimbia binti yenu na mtoto wangu. Nilikosa. Nimekuja kumtambua mtoto na kusikia mtakachonipangia." Kisha akae kimya, awaache waseme yote waliyoyabeba, hata kama ni masaa mawili. Matunzo aanze kuyatuma wiki hiyohiyo, kiasi anachoweza, kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Wakimfukuza siku ya kwanza, aage kwa adabu, aache namba kwa mjomba, na matunzo yaendelee kwenda hata kama hakuna aliyemsamehe bado.